Hedwiga wa Kwenye Santuri

Usimtajie Mama Hedwiga nyimbo za zamani. Nakuonya mapema kwa sababu mimi hakuna aliyenionya. Wiki ya kwanza tuliyokaa pamoja katika duka letu la Jules Street, pale Malvern, Johannesburg, yeye upande wa dirishani na cherehani zake, mimi upande wa ndani na viti vyangu vya kusukia nywele, niliwasha redio niliyotoka nayo Lubumbashi, nikatafuta muziki wa zamani ili wateja wangu watulie. Mama akaondoa mguu kwenye pedali, akanitazama juu ya miwani.

"Jocelyne, nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Mama."

"Sasa huyo analilia nini?"

Nikaizima. Mimi si mtu wa kunyamazishwa kirahisi, waulize wanaume walionioa, lakini yule mama ana macho ambayo hata polisi wa barabarani huyapisha. Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Tangu siku ile, katika chumba chetu, muziki ni kwaya, au habari, au kelele za teksi zinazopiga honi nje.

Nimweleze kidogo, maana ukimpita barabarani utamdhania mama wa kawaida tu, na kweli ni wa kawaida. Kwao ni Morogoro, Tanzania. Anashona sare za shule. Kila Januari akina mama wanapanga foleni kutoka mlangoni petu mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, na sketi yenye marinda ya Hedwiga utaijua ukiiona, kwa sababu marinda yake hayalali hata baada ya mtoto kuikalia mwaka mzima. Mumewe, Vuyisile, alikuwa mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania enzi za ubaguzi. Wakimbizi waliporuhusiwa kurudi, akarudi na mke na watoto. Alifariki kabla sijamfahamu. Wakwe zake wa Soweto walitaka kumwita kwa jina la ukoo, kama wanavyofanya kwa wake zao wote. Aliwakubalia mengi, hilo akakataa. Alisema alibatizwa Hedwiga na ataitwa Hedwiga mpaka watakapomfukia.

Sasa, nyimbo za zamani. Watanzania wanaziita zilipendwa. Neno hilo lilikuwa linamtia wazimu.

"Zilipendwa na nani?" aliniuliza siku moja, pini tatu amezibana mdomoni. "Mimi nilikuwepo, Jocelyne. Hakuna aliyeniuliza kama nazipenda. Wale waimbaji wote walikuwa na wimbo mmoja tu: nimempenda, amenikataa, mwanamke mbaya. Hujasikia hata mmoja akiimba, amenikataa, na ana haki yake."

Nilicheka nikidhani ni maneno ya mzee aliyekosa usingizi. Kumbe mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku aliyokuja Nicodemus ndipo nilipojua. Nicodemus ni Mtanzania, mtu mzima, analinda duka la samani upande wa pili wa barabara. Alileta suruali ya kazi ipunguzwe urefu, akakaa kwenye benchi, wakaanza kuulizana kwao wapi, kama wafanyavyo watu wa nchi moja wakikutana ugenini. Akamwuliza jina. Aliposikia "Hedwiga", yule mzee alirudisha kichwa nyuma, akafumba macho, akaanza kuimba kwa sauti ambayo Mungu hakumpa:

"Hedwiga weee, nilikupa moyo mzima, umeliuza penzi kwa kopo la nyama..."

Cherehani ikasimama. Mama alikata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali, mguu mmoja umepunguzwa na mwingine bado, akamwekea mapajani.

"Nenda ukamaliziwe na huyo aliyekufundisha kuimba."

Nicodemus alidhani ni utani. Haukuwa utani. Alivuka Jules Street na suruali yake kwapani, na mpaka leo sijui ni nani aliyemmalizia mguu wa pili.

Nikamfungia mlango mteja niliyekuwa namsuka, maana yake nilimwambia kichwa chake kinahitaji kupumzika, nikaketi mbele ya Mama. Akanihadithia, hasira zikimtoka moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Alipokuwa msichana Morogoro kulikuwa na bendi iliyoitwa Mindu Jazz, na mwimbaji wake Bakiri. Huyo Bakiri alikuwa anapendwa, redioni yeye, dansini yeye, wasichana walikuwa wanaandika jina lake kwenye vitambaa vya mkononi. Siku moja akamwona Hedwiga dansini akaleta posa ya kinywa, kwa kumtuma mpiga ngoma. Hedwiga akakataa. Sababu? Wiki iliyotangulia alikuwa amemsikia Bakiri jukwaani akimlilia msichana aitwaye Zabibu, eti amempa moyo mzima. Sasa moyo huohuo unaletwa kwake, na mpiga ngoma.

Yakaisha. Akapata kazi katika karakana ya ushonaji huko Mazimbu, walikoishi wakimbizi wa Afrika Kusini. Akafahamiana na Vuyisile, wakapendana. Bakiri kusikia, akaufufua wimbo wa Zabibu, akalitoa jina la Zabibu, akaweka la Hedwiga. Akaongeza na kopo la nyama, kwa kuwa mji mzima ulijua wakimbizi hupata vyakula vya msaada. Wimbo ukarekodiwa. Ukatoka kwenye santuri, ukapigwa redioni mchana na jioni, ukaimbwa na watoto waliokuwa wanachota maji.

"Na baba yangu alikuwa katekista," Mama akasema. "Akipita sokoni watu wananyamaza, akishapita wanaanza kuuimba kwa pua. Aliniambia, ukiolewa na yule mgeni utakuwa umeuthibitisha wimbo. Nikaolewa. Hakuja kanisani, Jocelyne. Niliingia mwenyewe, toka mlangoni mpaka altareni, na gauni nililojishonea. Amekufa akimwamini mwimbaji kuliko mwanawe."

Nikasogeza kiti changu karibu yake.

"Watoto banajua?"

"Hawajui. Kiswahili chao cha kuombea chumvi. Na wasijue. Nimewazaa kwa heshima, sitaki waje kunitazama wakiwa na kopo la nyama kichwani." Akarudisha mguu kwenye pedali. "Eva bado hajaolewa. Ninachoomba kwa Mungu ni harusi moja tu ambayo wimbo ule haukualikwa."

Eva ndiye kitinda mimba wake, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg. Anafanya kazi ofisini Marshalltown, Kizulu chake kinateleza, Kiingereza chake kimevaa tai, Kiswahili anakielewa nusu na kukisema robo. Mwaka 2018 akaposwa na Glody, kijana wa kwetu Kongo, mpole kiasi cha kutia mashaka. Na baba yake Glody, angalia bahati ya Mama, ni François.

François anauza redio na vyombo vilivyotumika, kandokando ya barabara huko Marshalltown. Lakini mapenzi yake ni santuri. Anazinunua kwa watu wanaohama nyumba, anazifuta kwa kitambaa cha miwani, anazipanga chumbani kwake Hillbrow mpaka mkewe analala pembeni ya kitanda. Siku ya kuzungumzia mahari, badala ya kuzungumzia mahari, yeye na Mama Hedwiga waligombania waimbaji.

"Mama, muziki ya zamani ilikuwa na heshima," François alisema.

"Baba Glody, aisifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea, na siisifu."

Wajomba wa Soweto wakauliza wamesema nini. Nikawaambia wanajadili hali ya hewa.

Basi harusi ikapangwa. Utaratibu wa ukumbini mnaujua: mshereheshaji anaita, mnaingia kwa kucheza, kila kundi na wimbo wake. Eva akasema wimbo wa kumwingiza mama yake atauchagua yeye, iwe siri. Binti wa watu alikuwa na nia njema kuliko sisi sote. Tangu utotoni aliamini mama yake hapendi nyimbo za zamani kwa sababu zinamkumbusha marehemu. Siku moja, akitafuta picha za baba yake kwenye sanduku la kale, akakuta santuri. Katikati yake limeandikwa jina: HEDWIGA. Akaona hii ndiyo zawadi. Akaipeleka kwa baba mkwe ajaribu kama bado inalia.

Hapa lazima nikueleze sisi Wakongo tulivyo, maana bila hivyo utamwona François mjinga, na si mjinga. Kwetu, jina lako likiimbwa, umekuwa mtu. Wenye uwezo wanamfuata mwimbaji ili awataje katikati ya gitaa, mara moja tu, na ukoo wake mzima unatembea kifua mbele mwaka mzima. Hakuna anayeuliza mwimbaji alikuwa anasema nini kabla ya jina wala baada yake. Na nyimbo za mapenzi zote zinalia, zote zinalaumu, ndiyo kazi yake. François aliiweka ile santuri, akasikia jina la mkwe wake likiitwa, na likiitwa tena, akatokwa na machozi. Akawaza: kumbe tumeoa kwa wakubwa, na yule mama kwa unyenyekevu wake hajasema. Akamwambia Eva ataleta mashine yake mwenyewe ukumbini, ipigwe santuri yenyewe hasa. Mimi hawakuniambia kwa sababu wanasema sina mdomo wa kufunga siri. Siwezi kuwapinga.

Harusi ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa, Malvern. Watu wa Soweto upande wa kushoto na kofia zao, Wakongo upande wa kulia na suti za rangi zote, Watanzania nyuma karibu na chakula. Nilikuwa mlangoni na Mama. Kichwa nilimsuka mimi kwa mikono hii, gauni kajishonea, la kijani, mabega yamekaa kama yamepimwa na malaika. Mshereheshaji akaita: mama mzazi wa bibi harusi!

Ikaanza mikwaruzo. Halafu gitaa. Halafu sauti ya mwanamume, tamu, ndefu: "Hedwiga weee..."

Kwenye meza ya Watanzania kulizuka kicheko, watu wazima wanapigana vikumbo, Nicodemus ameziba mdomo kwa leso. Kule mbele François amesimama pembeni ya mashine yake mkono kifuani, na Eva kwenye kiti cha bibi harusi anapiga makofi, anatazama mlangoni, uso wote meno. Niliinua gauni ili nikimbie nikaing'oe ile sindano. Mama akanikamata mkono.

"Kaa hapo."

"Mama, acha niende nizime!"

"Sikuukimbia Morogoro, niukimbie Malvern?"

Akaingia. Hakucheza. Alitembea katikati ya ukumbi mwendo wake uleule wa kwenda benki, kichwa hakijainama hata kidogo, mpaka kwa mshereheshaji, akachukua kipaza sauti. Akamgeukia François.

"Baba Glody, irudishe mwanzo. Uwe unaisimamisha nikiinua mkono."

François, kwa furaha, akairudisha. Alidhani Mama anataka kuutolea hotuba wimbo wake.

Bakiri akaimba mstari wa kwanza. Mkono ukapanda. Mama akautafsiri kwa Kizulu, polepole, kwa ajili ya wakwe zake na mwanawe, halafu akatugeukia sisi kwa Kiswahili, na akaendelea hivyo kwa lugha zote mbili. Eva akaacha kupiga makofi.

"Anasema alinipa moyo mzima. Moyo huo alikuwa ameshampa Zabibu, kwa wimbo huuhuu. Nilikuwepo."

Watu wakacheka, lakini sasa walicheka upande wake. Sindano ikashuka. Mstari wa pili, mkono ukapanda.

"Anasema niliuza penzi kwa kopo la nyama. Tusidanganyane, makopo yalikuwepo. Vuyisile alinipa moja. Nililifungua, nikanusa, nikampa paka wa jirani. Na paka alifikiri kwanza."

Meza ya Soweto ikavunjika mbavu. Dada wa marehemu Vuyisile, Nokuzola, mama mnene mwenye kofia ya zambarau, alikuwa anapiga meza kwa kiganja. François hakuwa akicheka. Nilimwona akianza kuelewa, jasho linamtoka, lakini mkono wa Mama ulimwamuru aendelee, akaendelea. Mstari wa tatu: mgeni akikuchoka, utarudi ukilia.

Mkono ukapanda tena.

"Vuyisile hakunichoka. Alikata roho mkono wake umeshika huu wangu. Na mgeni, jamani, hakuwa yeye. Mgeni nilikuwa mimi, hapa kwenu. Nilikuja na watoto na cherehani, sijui hata kuomba maji. Ninyi mlinichoka?"

"Ngeke!" Nokuzola alifoka akiwa amesimama. Hapana, kamwe. Na meza yote nyuma yake: "Ngeke!"

"Basi nisikilizeni, sitarudia. Huyu Bakiri alikuwa na sauti nzuri, simnyimi. Nchi nzima ilimpenda. Mimi nilimkataa. Nilimkataa kabla sijamjua Vuyisile, kwa akili yangu mwenyewe, na angefufuka leo akaja na bendi yake yote pale mlangoni ningemkataa tena. Kwa sababu ya wimbo huu baba yangu hakuja kunipeleka altareni. Niliingia peke yangu, na sikuinamisha kichwa. Eva, huyo ndiye mama yako. Nilikuficha hili, nikidhani ni aibu. Nimeusikiliza leo mstari kwa mstari, sioni aibu yangu iko wapi. Naona ya kwake."

François alivua kofia.

"Mama, unisamehe. Miye nilizania ni heshima. Kwetu jina ya mutu ikiimbwa, ni mukubwa."

"Najua, Baba Glody. Nimeshakusamehe. Sasa zima hiyo kitu, nataka kuingia."

Akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, akageuka, akarudi mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama na wanja wangu umenichuruzika mpaka kidevuni. Alitaka kuingia upya, kama mama wa bibi harusi anavyoingia. Vijana wa muziki wakaanza kuhangaika kutafuta wimbo mwingine. Nokuzola akawapungia mkono waache. Akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wa harusi wa kwao, kwa mdomo mtupu, na wenzake wakaupokea, miguu ikaanza kupiga sakafu.

Ndipo Eva akasimama. Mshereheshaji akamwambia kwa kipaza sauti kwamba bibi harusi haondoki kitini. Eva akavua viatu, akakusanya shela mkononi, akashuka jukwaani, akaja akikimbia katikati ya meza, nyuma yake Glody ameshika viatu asijue afanye nini navyo. Alifika mlangoni anahema. Alikuwa na Kizulu chote duniani cha kusema alichotaka kusema, lakini akakitafuta kile Kiswahili chake cha chumvi.

"Mama, hapana kuingia peke yako. Mimi niko."

Akampa mkono. Wakaingia, Mama katika kijani, binti katika nyeupe na miguu mitupu, wanawake wa Soweto wanaimba, Wakongo wamesimama juu ya viti, hata Nicodemus analia kwenye leso yake. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sikumzaa yule mama wala yeye hakunizaa, lakini siku ile nilitamba naye kama wa kwangu, na bado natamba.

Baadaye, wakati wa chakula, Eva alimwuliza kwa nini baba aliitunza santuri ile. Mama alisonya.

"Aliniapia kwamba ameivunja. Baba yako alikuwa na majivuno! Alikuwa akisema, wenzangu wamerudi na medali, mimi nimerudi na sauti ya mwanamume niliyemshinda."

Usidhani tangu hapo anapenda nyimbo za zamani. Hazipendi. François amejaribu, amemletea za ala tupu zisizo na mwimbaji, Mama akasema hata gitaa lao linanung'unika. Redio yangu bado nimekatazwa. Lakini kitu kimoja kimebadilika, na nitakwambia nilichokiona mwezi uliopita, mwaka huu wa 2019.

Eva alikuwa amekuja dukani baada ya kazi, tumbo limeanza kuonekana, amekaa kwenye benchi anakula karanga. Akaingia mzee mmoja Mtanzania, mgeni mjini, akitaka kutiwa zipu kwenye koti. Nikamwita Mama Hedwiga aje apime. Yule mzee akasikia jina, akashtuka, akatabasamu kwa kukumbuka, nami nikaona mdomo unafunguka.

"Samahani, mama. Siyo Hedwiga wa ule wimbo?"

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. Kabla hajaiweka sawa miwani yake, Eva alishasimama, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Ndiyo, ni huyu," akasema, kwa Kiswahili, bila kukosea. "Ni mama yangu. Na alimkataa."